Pesa ya kasino: itenge kabla hujatoka nyumbani

Ukingoja kupanga bajeti ukiwa mlangoni mwa ukumbi, umeshachelewa. Mshahara ukiingia, au ukishauza viazi, toa kwanza kodi ya nyumba, ada, chakula na mbolea. Mbeya na Njombe wengi hushika hela nyingi kwa mkupuo baada ya mavuno, na ni kabla ya mvua za Novemba ndipo hela ya mbolea huishia kwenye dubwi, ile mashine ya kamari ya kubonyeza. Katika kinachobaki, tenga kiasi ambacho hata kikienda chote hutakopa, tuseme 20,000. Hiyo ihesabu imeshatumika, kama kiingilio cha mpira pale Uwanja wa Sokoine.

Beba noti tu. Nauli ya bodaboda ikae mfuko mwingine, na simu yenye pesa iache nyumbani. Mkopo wa kwenye simu ukiuchezea, kesho unadaiwa mtaji pamoja na ada yake.

Wengi huogopa ukubwa wa dau, lakini kinachokula hela zaidi ni kasi. Ruleti ya Ulaya, gurudumu linalozungushwa na kijimpira kikaangukia namba, ina namba 37, na ukipatia namba moja unapata faida ya mara 35 ya dau. Malipo ya haki yangekuwa mara 36, na pengo hilo humwachia mwenye ukumbi wastani wa asilimia 2.7 ya kila dau. Weka 1,000 kwa mizunguko 40, umezungusha 40,000 na kwa wastani umeacha kama 1,080. Sasa kaa kwenye dubwi, ubonyeze mara 10 kwa dakika kwa dau la 200 tu: saa moja ni 120,000. Mashine ikirudisha asilimia 90, umeacha 12,000.

Kwa hiyo igawe ile 20,000 mafungu manne, kila fungu nusu saa. Likiisha mapema, toka nje mpaka muda wake utimie. Baridi ya Mbeya inasaidia kufikiri.

Usidabo, yaani usiongeze dau mara mbili kila ukikosa, ili kurudisha. Ukianza na 1,000 ukakosa mara 7 mfululizo, umetoa 127,000 kwa kufukuzia faida ya 1,000. Ukicheza hivyo kwa rangi za ruleti, nyekundu au nyeusi, kati ya majaribio 106 hivi ya kuanza na 1,000, moja huishia hapo. Meza nayo ina kikomo cha dau, hivyo huenda hata hiyo ya saba usiruhusiwe kuiweka.

Ukishinda, rudisha mtaji mfukoni kwanza, kisha nusu ya faida usiiguse tena usiku huo.

Ukianza kukopa au kumficha mwenzako matumizi, mgawanyo wa mafungu hautoshi tena. Mkabidhi yeye kadi ya benki, na uombe uongozi wa ukumbi wakuzuie kuingia.