Usimfuge Kamba Aliyekatika Magando, Utauza Maji

Wavuvi na wauzaji wa Ziwa Naivasha, kamba wa maji baridi (crayfish) aliyekatika magando, yaani mikono yake ya kubania, auzwe siku hiyohiyo. Nalisema mwanzoni kabisa, maana wengi wenu mnasoma nusu kisha mnaitwa ufuoni. Kuanzia Kamere hadi Karagita naona jambo lilelile: kamba wasio na magando wametengwa kwenye tangi nyuma ya banda, wanamwagiwa matumbo ya samaki na mabaki ya ugali, na mwenyewe anangoja magando yaote ili apate bei ya hoteli. Hayataota kwa ratiba yako. Kila siku unayongoja, nyama inapungua ndani ya gamba na mizani haikwambii.

Najua wazo hili mmelitoa wapi. Kuna video inazunguka kwenye simu zenu, inayoonyesha wavuvi wa Florida, Marekani, wakimng'oa kaa gando na kumrudisha baharini. Si uongo. Sheria ya huko inaruhusu, mradi gando lifikie inchi 2 na 7/8, kama milimita 73 hivi. Lakini tazameni anarudishwa wapi: baharini, penye chakula chake na maficho yake, si kwenye tangi la lita 1,000 alimojazwa na wenzake hadi ukutani. Na hata huko wengi hufa, hasa wanaong'olewa magando yote mawili, au wanaong'olewa vibaya hadi kipande cha mwili kikatoka pamoja na gando. Anayepona hungoja mwaka au zaidi kabla gando halijafikia tena kipimo cha kuvuliwa. Nani kati yenu ana chakula cha kumlisha kamba mwaka mzima?

Sasa mwili wake unavyofanya kazi. Karibu na shina la gando pana mahali palipoumbwa kwa ajili ya kukatikia. Kamba akibanwa, msuli wa hapo hukaza, gando likaachia, na utando ukaziba tundu papo hapo, kwa hiyo damu haimwagiki sana. Damu yenyewe ni majimaji yenye usamawati hafifu kwa sababu ya shaba iliyomo, ndiyo maana wengi mnadhani ni maji ya ziwa tu. Gando likipasukia katikati, kwa kukanyagwa au kubanwa na kreti, hapo hakuna utando wa kuziba. Huyo anavuja, na usitegemee kumkuta hai asubuhi.

Kujikata kunamwokoa, ila analipia. Baada ya purukushani sukari kwenye damu hupanda, anavuta oksijeni zaidi, na akiba yake inaanza kuchomwa. Kidonda kinataka kupona, kisha gando jipya linataka kujengwa. Gharama zote zinatoka mfuko mmoja: yale mafuta ya manjano ya kichwani ambayo wateja hupenda kuyafyonza. Yakipungua, inafuata nyama ya mkia. Wakati huohuo anakula kidogo, kwa sababu wenye magando wanamnyang'anya na yeye anashinda amejibana kwenye kona.

Hapa ndipo mnapopotea. Mbuzi akikonda unaona mbavu. Gamba la kamba ni gumu, halisinyai, na nyama ikipungua nafasi yake inajazwa na maji. Mpime leo, mpime baada ya majuma matatu, uzito ni karibu uleule. Unasema anaendelea vizuri! Mchemshe uone: nyama ya mkia imejitenga na gamba, imelegea, ukiikamua kwa vidole inatoa maji, na mafuta ya kichwani yamekuwa kama uji wa mgonjwa. Mpishi wa hoteli akipikia wageni kamba wa aina hiyo mara moja, simu zako hatapokea tena, hata ukimpelekea wazima.

Na gando lenyewe? Baada ya muda utaona kichipukizi kwenye kisiki, kimekunjwa ndani ya kifuko chembamba, mkaanza kushangilia. Kifuko hicho hakifunguki mpaka kamba ajivue gamba zima. Mdogo hujivua mara kwa mara, lakini mkubwa aliyekomaa, ambaye ndiye mnayemtaka nyinyi, anaweza kumaliza miezi bila kujivua. Akijivua, gando linatoka dogo, la kitoto, na atahitaji kujivua tena na tena kulikaribia la kwanza. Tena linakula ukuaji wake. Kamba mzima, maji yakiwa mazuri na chakula kipo, anaweza kuongeza hadi asilimia 40 ya uzito kwa kujivua mara moja. Mwenye gando la kujenga anaongeza kidogo kuliko hapo. Na usiku anaojivua ni laini kabisa, hana silaha, na wenzake wanamla. Kila mara naambiwa kuna mwizi anachota kamba tangini usiku. Mwizi mko naye humohumo tangini.

Kwa hiyo dawa ni magando yasikatike, na hiyo inaanzia mtegoni. Tegua kila baada ya saa 24. Mtego ukilala siku tatu, kamba wanapigana humo na unavuta viwete. Kamba akishikilia waya, usimvute! Rudisha mtego majini, au uzamishe kwenye beseni la maji, naye ataachia mwenyewe. Unapomtoa, mshike mgongoni, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule wa gamba la kifua, nyuma ya magando. Kumshika kwa gando ukimning'iniza ndiko kumwambia alikate. Hili tumeliongea kwenye kila mkutano wa kamati ya ufuo na bado nawaona vijana wakiwabeba wanne wanne kwa magando kama funguo.

Gunia lisizidi kilo 20. Tumia gunia la mkonge au la wavu, lililoloweshwa maji ya ziwa, lilazwe kwa upole; usilirushe kutoka mashuani wala usilipandie lingine juu. Walio laini, yaani ukibonyeza gamba la kifua linabonyea, wasiingie guniani kamwe. Kamba hapumui kwa maji mengi, anapumua kwa matamvua yenye unyevu, kwa hivyo gunia bichi kivulini linamweka hai kuliko ndoo iliyojaa maji yaliyosimama. Kwa safari ya Nakuru au Nairobi, weka barafu kwenye sanduku, nyuzijoto 4 hadi 8, na maji ya barafu yatiririke nje kupitia tundu la chini. Wakilala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka wanakufa.

Tangi ni la kamba wazima tu, na kazi yake ni kuwasafisha utumbo. Saa 24, zikizidi sana 48, bila kuwalisha chochote. Ukiwalisha umefuta kazi. Kilo zisizidi 7 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ya tangi, na upime kwa mizani, acheni kukadiria kwa debe. Kina cha maji kiwe sentimita 5 hadi 8, wasipopata hewa ya kutosha waweze kuinua mgongo juu ya maji. Maji ya mfereji yasimame wazi saa 24 dawa ya klorini itoke. Oksijeni isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita, na hapa Naivasha tuko mita kama 1,890 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji ya nyuzijoto 20 yaliyojaa hewa yanabeba miligramu kama 7 tu badala ya 9 za kule Pwani. Huna nafasi ya kuzembea. Weka pampu ya hewa, weka tangi kivulini. Tangi jeusi juani saa saba mchana ni sufuria.

Ukiona magando machache yaliyoachwa sakafuni mwa mashua, umefaulu.

Watakaokatika hata hivyo, na hawatakosekana, wachague palepale ufuoni. Aliyekatika gando moja auzwe leo kwa wanaopika mchuzi, bei ya chini kidogo. Aliyekatika yote mawili auzwe kama nyama ya mkia. Mchemshe dakika 5 tangu maji yaanze kutokota tena, mtie kwenye maji ya barafu, menya, weka barafuni. Kilo 7 za kamba hai hutoa takriban kilo 1 ya nyama, fanya hesabu ya bei kwa kiasi hicho. Nyama ya leo imejaa, ya baada ya majuma matatu haitafika hapo hata kwa dua. Aliyepasuka gando katikati apikwe kwanza kabla ya wote, na aliyekufa kabla ya kuingia sufuriani atupwe, asichanganywe.

Limezuka jingine: watu wa mabwawa ya ngege (tilapia), wengine kutoka upande wa Ahero, Kisumu, wanakuja kununua hawa viwete kwa bei ya kutupa ili wakawapandikize bwawani wapone. Msiwauzie. Kamba huyu si mwenyeji, aliletwa Naivasha mwaka 1970, amechangia kumaliza majani ya majini ya ziwa hili na hutoboa kingo. Kwenye bwawa la udongo atachimba mashimo mpaka maji yavuje, atakula mayai ya samaki, na mvua kubwa ikija atatembea kwa miguu yake hadi mtoni. Kumpandikiza kwenye maji mengine kunahitaji kibali, na mnunuzi asiyekuwa nacho mkononi aondoke na nyama ya mkia au aondoke mikono mitupu.