Namna ya kuchagua programu nafuu ya kuratibu kazi za timu

Kabla ya kufungua ukurasa wa bei wa programu yoyote, chukua karatasi uandike ni wapi hasa kazi ya timu yako hupotelea. Sisi ni watu tisa katika ofisi ndogo ya usanifu na uchapishaji mtaani Ngara, Nairobi, na mwaka jana tulichapisha bango la mita 6 lenye tarehe isiyo sahihi, kwa sababu marekebisho ya mteja yalitumwa katika kundi la WhatsApp saa mbili usiku, yakafunikwa na pongezi kwa mwenzetu aliyejifungua. Aliyekuwa zamu kwenye mashine asubuhi aliona maua na keki, tarehe hakuiona. Mawasiliano tulikuwa nayo tele. Tulichokosa ni mahali pamoja panapokaa agizo la mwisho.

Ukishaujua upungufu wako, orodha ya programu za kuzingatia hupungua yenyewe. Anayetaka kujua kila kazi imefikia wapi atafaidika na ubao wa kadi kama Trello, ambapo kadi ya mteja husogezwa kutoka safu ya usanifu hadi ya uchapishaji, kisha ya kupeleka mzigo. Anayesumbuliwa na nyaraka zenye matoleo matano atasaidiwa zaidi na Google Docs. Nimeona timu za watu wanne zikinunua programu yenye chati na ripoti za kila aina, ilhali jedwali moja la Google Sheets lingewatosha kwa miaka.

Huduma za bure ni nzuri, mradi usome mipaka yake kwa makini. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 ambazo hugawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili, na kwa wasanifu nafasi hiyo hujaa upesi. Trello ya bure huruhusu watu 10 na mbao 10 katika eneo moja la kazi, kwa hiyo timu ya tisa inayotarajia kuajiri iko ukingoni tayari. Slack, programu ya kutumiana ujumbe kazini, kwa asiyelipa huonyesha ujumbe wa siku 90 tu. Mteja akirudi baada ya miezi minne akidai mlikubaliana bei fulani, hutakuwa na pa kutazama. Mipaka hii hubadilishwa mara kwa mara, basi ihakikishe siku unayojisajili.

Ikibidi kulipa, piga hesabu kwa shilingi. Programu ya dola 8 kwa kila mtu kwa mwezi huonekana rahisi, lakini kwa watu tisa ni dola 72, yaani shilingi 9,360 dola ikiwa 130. Ongeza VAT ya asilimia 16 inayotozwa huduma za kidijitali kutoka nje, nawe unakaribia 10,860 kila mwezi, bila makato ya benki ya kubadilisha fedha. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipopita shilingi 160, ada hiyohiyo ingevuka 13,000. Angalia pia kama bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya anayelipia mwaka mzima kwa mkupuo, maana mara nyingi ndivyo ilivyo. Malipo yenyewe si tatizo tena: kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay hukubaliwa kwingi panapopokewa Visa.

Wapo watakaokushauri utumie programu huria kama Nextcloud (ya kuhifadhi mafaili) au OpenProject (ya kupanga miradi), ambazo unaweza kuziweka kwenye seva yako, yaani kompyuta inayowaka muda wote, bila ada ya leseni. Ushauri huo ni mzuri kwa timu yenye mtu anayeijua kazi hiyo. Asipokuwepo, gharama ya seva, nakala za akiba na fundi wa kuitwa itakuzidi.

Fanya majaribio ya wiki mbili kwa kazi moja halisi, na mjaribu mkuu asiwe kijana anayependa teknolojia. Mpe mpelekaji mizigo wenu, mwenye simu iliyojaa na bando la siku. Akishindwa kufungua kadi na kuona anwani akiwa barabarani, programu hiyo haiwafai, hata iwe nzuri kiasi gani kwenye kompyuta ya ofisi. Katika wiki hizohizo jaribu kuzitoa data zenu: Trello humpa hata asiyelipa faili la JSON, ambalo ni la kusomwa na programu kuliko watu, lakini faili la CSV linalofunguka moja kwa moja kwenye Excel ni la wanaolipa. Akaunti kuu iandikishwe kwa barua pepe ya ofisi, kamwe si ya mwanagenzi atakayeondoka Desemba. Na kwa kuwa majina na namba za simu za wateja ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, weka humo zile tu zinazohitajika kwa kazi.

Mkishachagua, tangazeni siku ambayo njia ya zamani inafungwa. Kwetu kundi la WhatsApp lingalipo, kwa salamu na keki, lakini mwendesha mashine hachapishi chochote ambacho hakimo kwenye kadi, hata kama aliyekituma ni mimi.