Nyamapori kwa karanga: nyama iive kwanza, karanga zifuate

Kosa linaloharibu sufuria nyingi ni kuunga karanga nyama ikiwa bado ngumu. Karanga zikishaingia, mchuzi unakuwa mzito na kushika chini, kwa hiyo huwezi tena kuuchemsha saa nzima bila kuuunguza. Nyama iliyoungwa ngumu italiwa ngumu.

Kwa watu sita tafuta nyama ya pofu (mnyamapori mkubwa kama ng'ombe) kilo 1, karanga gramu 250, vitunguu maji 2 vikubwa, nyanya 4 zilizoiva, kitunguu saumu punje 6, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, ndimu 1, pilipili mbuzi 1, mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula, na chumvi.

Tanzania nyama nunua kwenye bucha za nyamapori zenye leseni, zilizoruhusiwa kwa kanuni za mwaka 2020, na risiti uitunze. Mnyama aliyeokotwa amekufa porini usimguse kabisa: huenda ni ugonjwa wa kimeta, na vijidudu vyake huweza kuvumilia moto wa jikoni. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Huko pika hivi hivi kwa mbuzi mzee au muundi wa ng'ombe.

Mwambie muuzaji akukatie bega, shingo au muundi. Sehemu hizi zina kano nyingi ambazo zikipikwa taratibu huyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Steki ya paja hukauka, kwa sababu nyamapori haina mafuta ndani ya nyama kama ng'ombe wa kunenepeshwa. Swala hukauka upesi kuliko pofu. Nyati ni mgumu kuliko wote wawili. Nyumbani, toa kwa kisu kikali ule utando mweupe unaong'aa, maana hujikunja motoni na kuibana nyama. Ondoa pia mafuta ya nje, kwani yakipoa hugandia mdomoni kama nta. Kata vipande vya sentimita 4, paka tangawizi, kitunguu saumu, maji ya nusu ndimu na chumvi kijiko 1 cha chai, uache saa 2 mahali pa baridi. Usilaze na ndimu usiku kucha. Nje inakuwa ungaunga huku ndani hakuna kilichobadilika.

Pasha mafuta, kaanga nyama kidogo kidogo mpaka iwe kahawia. Ukiitia yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Itoe, kaanga vitunguu, tia nyanya, pika mpaka mafuta yajitenge. Rudisha nyama, ongeza maji ya moto lita 1.5, funika, na iache itokote kwa moto mdogo saa 2 hadi 2 na nusu. Nyati anaweza kufika saa 3. Kwenye presha kuka tumia maji lita 1 na dakika 45 hivi. Kandamiza kipande kwa mwiko: kikiachana chenyewe, kimeiva. Mchuzi uliobaki uwe vikombe 3 hivi.

Nyama ikiwa jikoni, shughulikia karanga. Chambua moja moja, tupa zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupikwa. Zikaange kwa moto mdogo dakika 10 hadi 12 ukikoroga, mpaka maganda yapasuke. Zikipoa zifikiche, zipepete kwenye ungo, kisha zitwange kwenye kinu mpaka zianze kutoa mafuta. Zilizosagwa za kopo zinafaa ikiwa hazina sukari.

Sasa koroga karanga na vikombe 2 vya maji ya vuguvugu mpaka ziwe kama uji mwepesi. Ukizitia kavu kwenye mchuzi unaochemka zitaganda mabonge. Mimina polepole, tia pilipili nzima, acha bila mfuniko, na kila baada ya dakika 2 pitisha mwiko hadi chini. Mwanzoni utaona povu jeupe na viputo vidogo. Kadiri muda unavyokwenda rangi inakolea, viputo vinakuwa vizito na kupasuka kwa kishindo, kisha mafuta mekundu yanaanza kuzunguka ukingo wa sufuria. Hapo zimeiva, kwa kawaida dakika 20. Ukitumia karanga mbichi zilizosagwa, weka dakika 30 na sufuria kubwa, kwani hufura na kumwagika kama maziwa. Ukiziwahi, ladha ya ubichi inabaki kooni.

Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue. Hamishia mchuzi wa juu kwenye sufuria nyingine. Mchuzi ukiwa mzito mno, ongeza maji ya moto. Onja chumvi mwishoni, kula na ugali wa mtama au uwele, na nusu ndimu iliyobaki ikamuliwe mezani. Kiporo kitaganda, kipashe kwa kikombe cha maji ya moto na mwiko usitoke mkononi.