Theluji ya Muda Juu ya Mandhari ya Mfano

Anayetaka kuigeuza mandhari yake ndogo ya mfano, yenye vilima, nyumba au reli za modeli, kuwa ya majira ya baridi kwa wiki chache tu, kisha airudishe kijani kama ilivyokuwa, sharti afikirie namna ya kuiondoa theluji kabla hajanyunyiza hata chembe moja. Ndiyo maana kazi kubwa iko katika kuuandaa uso wenyewe. Rangi isiyokingwa hushika weupe katika kila ufa, na nyasi bandia zilizobandikwa kijuujuu hung'oka siku ya kusafisha. Puliza tabaka mbili nyembamba za vanishi isiyong'aa, uziache zikauke kabisa, kisha pitisha brashi kavu kila mahali; chochote kitakachodondoka kigundishwe upya sasa.

Kwa unga utakaokuwa theluji, chaguo langu la kwanza ni unga laini wa marumaru, kwa sababu haubadiliki rangi wala hauli chuma. Soda ya kuokea hupatikana kwa urahisi zaidi na hufaa kwa siku chache mahali pakavu, ingawa ikipata unyevu hugandamana na yaweza kuchakaza sehemu za metali. Chumvi iepukwe kabisa, kwani hufyonza unyevu hewani na kuleta kutu. Unga wa ngano na sukari huita wadudu. Nayo plasta ya jasi, ikiguswa na maji, huwa jiwe. Vaa barakoa unapochekecha unga wowote ule.

Kina kifuate kipimo cha modeli. Theluji ya sentimita 30, ambayo kwa macho yetu ni nyingi, huwa na unene wa takriban milimita 3.4 tu katika kipimo cha 1:87, yaani modeli iliyopunguzwa mara 87, na milimita 4 hivi katika 1:72. Wengi huzidisha hapa, na nyumba zao huonekana kama zimefukiwa na maporomoko. Panapohitajika lundo kubwa, tanguliza kipande cha sponji au kitambaa cheupe kisichobandikwa, ndipo uchekeche juu yake.

Tumia chujio lenye matundu madogo, ukiligonga taratibu kutoka upande mmoja ulioamua kuwa ndiko upepo unakotokea, ili unga ulundikane nyuma ya kuta na mawe kama theluji halisi inavyofanya. Chini ya miti na michirizi ya mapaa uwe haba, na miteremko mikali iachwe karibu tupu. Reli, injini na swichi za umeme zifunikwe kwanza kwa karatasi. Usishawishike kuupulizia unga dawa ya nywele ili utulie, maana hapo umekwisha kuufanya wa kudumu.

Mandhari ya michezo ya vita ya mezani, ambayo mikono huishika kila mara, haifai kwa unga mtupu. Changanya gundi nyeupe, rangi nyeupe ya akriliki na unga wa marumaru mpaka upate uji mzito, upake juu ya karatasi laini ya plastiki katika maumbo ya mapaa na vilima, uache usiku kucha, kisha ubandue. Vipande hivyo hulazwa tu mahali pake, na kingo zake hufichwa kwa unga kidogo.

Kuondoa huanza na brashi laini pana, ukikusanya unga kwenye trei. Mabaki yafyonzwe kwa mashine ya kufyonza vumbi katika nguvu ya chini, mdomo wake ukiwa umefunikwa kwa soksi ya nailoni ili vichaka na sanamu zisimezwe. Usitumie kitambaa chenye maji kabla unga wote haujaisha, kwani utageuka tope jeupe nyufani. Uliokusanywa uchekeche kuondoa nyasi, kisha uuhifadhi katika chombo kisichopitisha hewa.