Somo: Kuingia mtihani wa mkanda wa taekwondo na darasa la mwalimu mkuu, ukatoka na cha kufanyia kazi

Somo hili ni la wenye mikanda ya rangi, gup (ngazi za chini ya mkanda mweusi) ya 10 mpaka ya 1, hasa pale mtihani na darasa la mwalimu mkuu mgeni, yaani mkufunzi wa ngazi ya juu aliyealikwa, vinapopangwa siku moja au wiki moja. Tunafuata mtaala wa Kukkiwon, ile taasisi ya Seoul iliyoanza 1972. Wa ITF, shirikisho jingine la taekwondo lenye mtaala wake, tumewajibu kwenye maswali chini.

Mtihani unakupa kitu ambacho mazoezi ya kila siku hayakupi: unatazamwa na jicho lisilokuzoea, ukiwa umechoka, na huna nafasi ya kurudia. Mwalimu wako ameshazoea kosa lako, na pengine halioni tena. Darasa la mwalimu mkuu linafuata hapohapo na kukuonyesha kosa lile linatoka wapi mwilini. Anayekwenda kwa ajili ya mkanda na picha anaacha nusu ya alichokilipia.

Hatua ya 1: Jua unapimwa nini, wiki mbili kabla

Omba orodha ya gup yako kwa maandishi. Kwa kawaida ina mambo matano: mbinu za msingi, pumse (mfululizo wa mbinu uliopangwa, unaofanywa peke yako), mapigano ya hatua moja, kyorugi (pigano huru la wawili), na kuvunja ubao. Klabu nyingi huongeza maswali ya mdomo, na hapo ndipo watu hupoteza alama za bure. Jifunze amri (charyot, simama wima; kyongne, inama; junbi, jiandae; sijak, anza; kalyo, achaneni; kuman, mwisho), majina ya mbinu zako, na maana ya pumse yako. Pumse nane za Taegeuk zinafuata alama nane za kale: Il Jang ni mbingu, Ee Jang ziwa, Sam Jang moto, Sa Jang radi, Oh Jang upepo, Yuk Jang maji, Chil Jang mlima, Pal Jang ardhi. Anza na ya gup yako, lakini hata za nyuma unaweza kuulizwa.

Siku mbili za mwisho usijifunze kitu kipya. Rudia pumse mara tatu tu kwa siku, moja ya polepole, moja kwa kasi ya mtihani, moja ukiwa umegeukia ukuta mwingine wa ukumbi. Hiyo ya tatu watu huidharau. Ukizoea kuanza ukitazama kioo au dirisha fulani, siku ukiwekwa upande mwingine kichwa kinapotea kwenye mgeuko wa kwanza.

Hatua ya 2: Pumse, na namna mtahini anavyoisoma

Hapa tukae kidogo. Tuchukue Taegeuk Il Jang, pumse ya kwanza, ina poom (miondoko) 18 na kila mtu ameipitia.

Poom nne za mwanzo ziko kwenye ap seogi, mkao mfupi wa hatua moja ya kutembea. Ya 5 na ya 6 ni arae makki (kinga ya chini) na ngumi, na mkao unabadilika kuwa ap kubi: urefu wa hatua moja na nusu, goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka na unyayo wake umegeuka nyuzi 30 hivi. Kosa la kwanza la gup za chini liko papo hapo. Mwanafunzi anafika na ap seogi iliyorefushwa kidogo tu, si fupi, si ndefu. Mtahini hahitaji kupima. Anaangalia goti la mbele, na likiwa limenyooka ameshapata jibu.

Ramani ya Il Jang inakwenda mbele kwa ap kubi mbili, halafu inarudi kwa ap kubi mbili. Kwa hiyo ukimaliza uko hatua nzima mbele au nyuma ya ulipoanzia, tatizo si kumbukumbu. Ap kubi zako za kwenda na za kurudi hazilingani. Weka kipande cha mkanda wa karatasi sakafuni chini ya mguu wako, fanya pumse, tazama umemalizia wapi. Ni kipimo kizuri kuliko kioo.

Poom ya 14 na ya 16 zina ap chagi (teke la mbele) ikifuatwa na ngumi. Ngumi itoke mguu unapotua, isitoke mguu ukiwa hewani. Sababu ni nyonga: nguvu ya ngumi inatoka kwenye nyonga iliyosimama juu ya mguu uliokanyaga, na bila kukanyaga unasukuma kwa bega peke yake. Utamjua mwenye kosa hili kwa bega linalopanda hadi karibu na sikio.

Mikono nayo. Arae makki inaanzia kwenye bega la upande wa pili na kuishia mbele ya paja, ikiacha nafasi ya ngumi mbili. Ngumi ya momtong (kiwiliwili) inalenga chembe ya moyo yako mwenyewe, si uso wa mtu mrefu aliye mbele yako. Ngumi inayorudi kiunoni irudi kwa kasi ileile ya ile inayotoka. Ikilegea, mwili haujipindi.

Kihap, ule ukelele wa nguvu, iko kwenye poom ya 18. Ukiisahau, usiipige baada ya kuman.

Kwa anayependa takwimu: kwenye mashindano ya pumse alama ni 10, usahihi 4.0 na uwasilishaji 6.0, kosa dogo linakatwa 0.1 na kubwa 0.3. Mtihani wa klabu si mashindano, lakini watahini wengi wana jicho la namna hiyo. Makosa madogo kumi yanakuangusha zaidi ya kosa moja kubwa.

Hatua ya 3: Mateke na pigano

Teke lolote lina sehemu nne: kunja, toa, rudisha, weka. Wengi hufanya mbili. Kwenye dollyo chagi (teke la kuzungusha), mguu wa kusimamia lazima ugeuke mpaka kisigino kielekee upande wa shabaha. Usipogeuka, goti ndilo linalobeba mpindo wote, na maumivu yake huja jioni. Ap chagi ipige kwa nyama ngumu ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, na vidole vivutwe juu. Urefu wa teke hauna uzito watu wanaoudhani. Teke safi la kiunoni linapita la kichwani ambalo mwili umelala nyuma.

Kyorugi ya mtihani haitafuti mshindi. Mtahini anaangalia umbali, ulinzi wa mikono, na kama unajidhibiti ukipigwa teke zuri. Ngumi ya kichwani hairuhusiwi katika kanuni za World Taekwondo, na mwenye hasira huisahau hiyo kwanza. Kinga ya kifua, kofia, kinga ya meno, ya kinena, ya mikono na ya miguu, vyote vikaguliwe usiku wa kuamkia siku hiyo. Kamba ya kofia iliyolegea inasimamisha pigano la watu wote.

Hatua ya 4: Ubao

Ubao wa kawaida ni wa msonobari wenye unene wa sentimita 2 hivi. Unavunjika kufuata nyuzi zake, kwa hiyo wanaoshika ndio wanaoamua nusu ya matokeo. Nyuzi zikiwa zimelala, shikeni ukingo wa juu na wa chini. Zikiwa zimesimama, shikeni wa kushoto na wa kulia. Viwiko vimefungwa, mguu mmoja nyuma, vidole visivuke katikati ya ubao, nyuso zigeuzwe pembeni. Mshikaji anayerudi nyuma kidogo teke linapofika amekula nguvu yote, na mpigaji ndiye atakayeumia mguu.

Kwa mpigaji, kosa karibu siku zote ni kulenga uso wa ubao. Mwili unapunguza mwendo kabla ya kufika. Lenga sentimita 10 nyuma yake. Pima umbali mara mbili polepole, mara ya tatu piga. Ukipima mara sita, woga umeshaingia. Mbao za plastiki zinazorudishiwa hazina nyuzi bali zina mstari wa kiungo katikati; usipopiga kwenye mstari hautaachia hata ukiwa na nguvu za tembo.

Hatua ya 5: Darasa la mwalimu mkuu

Darasa la namna hii huchukua saa mbili au zaidi, na mwalimu ataonyesha mambo mengi kuliko utakavyobeba. Usijaribu kubeba yote. Ingia na swali moja ulilolitoa kwenye mtihani wako, mfano "nyonga yangu inachelewa kwenye dollyo chagi", na kila zoezi lipitishe kwenye swali hilo. Akija kukurekebisha, acha kueleza. Fanya alichosema mara tano mbele yake, kisha uliza kama ndivyo.

Tafuta mwenzi usiyemjua, wa kimo tofauti na chako. Umbali uliouzoea na mwenzako wa klabu ni tabia tu, na mwenye miguu mirefu atakuonyesha hilo kwa teke la kwanza. Video usipige bila ruhusa.

Darasa likitangulia mtihani siku hiyohiyo, sikiliza, andika, lakini usibadilishe pumse yako. Marekebisho ya asubuhi hayajaingia mwilini mchana. Utafanya nusu ya zamani na nusu ya mpya, na hiyo ndiyo sura mbaya kuliko zote.

Hatua ya 6: Kabla hujalala

Andika marekebisho matatu, kila moja kwa sentensi ya mwili: "kisigino cha kushoto kinanyanyuka kwenye ap kubi". Usiandike "niboreshe mkao". Mpelekee mwalimu wako, achague moja la mwezi huu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ukisahau pumse katikati ya mtihani unafanyaje? Unaomba kuanza upya?

Jibu: Marahaba. Simama kwenye mkao wa mwisho uliokuwa nao, usishushe mikono, vuta pumzi moja. Mara nyingi mwili unakumbuka. Isiporudi, subiri amri. Mtahini atasema baro (rudi mkao wa kuanzia) na kukuanzisha tena. Usicheke, usitingishe kichwa, usimtazame mwalimu wako. Kusahau kunakatwa alama mara moja, kuvunjika moyo mbele ya watu kunakatwa hadi mwisho.

Swali: Mimi ni wa ITF. Nimealikwa darasa la mwalimu wa Kukkiwon, niende au nitachanganyikiwa?

Jibu: Nenda, ila si wiki ya mtihani wako. Chon-Ji yenu ina miondoko 19 na mwili wenu unapanda na kushuka kati ya mbinu, wakati pumse za Kukkiwon zinataka kichwa kibaki kimo kimoja. Faida utaipata zaidi kwenye mateke na kazi ya miguu ya kyorugi. Waambie mapema unatoka wapi, na fuata salamu za wenyeji.

Swali: Mwanangu ana miaka 9 na anakaribia mkanda mweusi. Nimeambiwa atapewa "poom", si dan. Je, ni mkanda wa nusu?

Jibu: Hapana mzazi. Poom hapa ni ngazi ya mkanda mweusi ya watoto, si muondoko wa pumse: Kukkiwon huitoa kwa walio chini ya miaka 15, na akifika umri huo cheti kinaweza kubadilishwa kuwa dan, ngazi ya mkanda mweusi ya wakubwa. Kuna muda wa kusubiri pia: kutoka dan ya kwanza kwenda ya pili si chini ya mwaka 1, ya pili kwenda ya tatu miaka 2, ya tatu kwenda ya nne miaka 3. Akikuahidi mtu njia ya mkato, muulize cheti kinatoka wapi.

Swali: Nile nini asubuhi?

Jibu: Ulichozoea, kidogo, saa mbili au tatu kabla. Maji kwa mafundo.

Swali: Nyonga zangu ni ngumu, sifiki kichwani kwa teke. Nitafeli gup ya 4?

Jibu: Kwa urefu peke yake, mara chache sana. Mwambie mtahini mapema kama kuna jeraha, halafu piga kimo unachokimudu ukiwa umekunja goti vizuri na umerudisha mguu. Anayelazimisha kichwani anaachia mikono na kuanguka nyuma, na hapo anapoteza mambo matatu kwa ajili ya moja.

Swali: Mwalimu mkuu alinirekebisha yeop chagi (teke la ubavu) tofauti na anavyofundisha mwalimu wangu. Namfuata nani?

Jibu: Kwanza hakikisha kweli ni tofauti. Mmoja akisema "geuza kisigino" na mwingine "funga nyonga", pengine wanaelekeza jambo moja, maana kisigino cha mguu wa kusimamia kisipoelekea shabaha nyonga haifungi. Ikiwa ni tofauti kweli, mwonyeshe mwalimu wako faraghani, kwa kufanya, bila kusema "lakini yule alisema". Mpaka akuamulie, mtihani unaufanya kwa namna ya klabu yako.

Swali: Goti limeuma tangu mtihani wa Jumamosi, darasa ni keshokutwa. Nifunge bandeji niingie?

Jibu: Limevimba? Linakwama au linalegea ukishuka ngazi? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, muone daktari na usiingie uwanjani. Vaa dobok yako (sare ya taekwondo), kaa pembeni na daftari, omba ruhusa ya kutazama. Walimu wakuu wengi humwita aliyekaa pembeni ahesabu kwa Kikorea, kwa hiyo hana, dul, set (moja, mbili, tatu) uwe nazo tayari.