Namna ya kujibu maswali ya mtihani kuhusu sanaa ya mahekalu ya Kihindu na ukosefu wa usawa

Watahiniwa wengi wakikutana na swali linalounganisha sanaa ya mahekalu ya Kihindu na ukosefu wa usawa katika jamii, huandika insha mbili zilizogundishwa: kurasa mbili za kusifu minara na sanamu, kisha ukurasa mmoja wa kulaani kasta, yaani makundi ya kijamii ambayo mtu huzaliwa ndani yake. Kila nusu yaweza kuwa sahihi na jibu likaambulia alama za wastani, kwa sababu kilichoulizwa ni uhusiano wa mambo hayo mawili. Kabla ya kuandika, jiulize kuhusu kila hekalu unalokusudia kulitaja: nani aliagiza lijengwe, nani aligharimia, nani alichonga, na nani aliruhusiwa kufika wapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo hoja zako.

Chukua aya kama hii: «Hekalu la Brihadisvara ni kubwa na zuri sana. Lilijengwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza. Wakati huo kulikuwa na ubaguzi wa kasta.» Hakuna uongo hapo, lakini sentensi ya tatu haikutokana na mbili za mwanzo. Linganisha na hii: «Kwenye kuta za hekalu la Brihadisvara mjini Thanjavur, lililokamilika mwaka 1010 chini ya Rajaraja wa Kwanza wa dola ya Chola, yamechongwa maandishi yanayoorodhesha zawadi za mfalme pamoja na wanawake wapatao 400 waliohamishwa kutoka mahekalu mengine kuja kulitumikia hili, kila mmoja akitengewa nyumba na fungu la mpunga; hivyo ukuta uliotangaza utukufu wa mfalme ulikuwa pia daftari la nani anamtumikia nani.» Aya hii inapata alama kwa sababu ushahidi umetoka kwenye jiwe lenyewe. Ila usikimbilie kuwaita wanawake hao watumwa: mtu ambaye jina lake na posho yake vimechongwa ukutani alikuwa na hadhi fulani, na mtahini anayeifahamu habari hiyo atakukata alama.

Hoja yenye nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya nafasi, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Hekalu la kusini mwa India huingiwa kwa hatua: lango lenye mnara mrefu, ua, ukumbi, na mwishoni chumba kidogo chenye giza kinachoitwa garbhagriha, ambamo sanamu ya mungu hukaa. Sanamu za nje zilionekana hata na aliyezuiwa langoni, ilhali ya ndani ilikuwa ya wachache. Hapa mfano wa Nandanar ni hazina. Masimulizi ya Kitamil yanasema mja huyu wa mungu Shiva, aliyetoka katika jamii ya Paraiyar iliyobaguliwa na kuzuiwa kuingia hekaluni, alisimama nje ya hekalu la Tiruppungur bila kuweza kumwona mungu wake kwa kuwa Nandi, fahali wa jiwe, alimziba asione. Shiva akamwamuru fahali asogee. Mtahiniwa wa kawaida ataandika kwamba kisa hiki kinathibitisha usawa mbele ya mungu. Aliye makini ataongeza kwamba fahali alisogea lakini Nandanar alibaki nje, na kwamba kwenye hekalu la Chidambaram alipaswa kupita motoni kwanza ndipo akubaliwe. Leo sanamu yake imo katika safu ya waja 63 wa Shiva ndani ya mahekalu mengi ya Tamil Nadu.

Ukitaka kuonyesha uzito wa mipaka hiyo, rukia karne ya 20 kwa uangalifu. Mgomo wa Vaikom, kusini mwa India, wa mwaka 1924 ulidai kwanza haki ya kupita barabara zinazolizunguka hekalu, hata kabla ya kuingia. Mwaka 1930 Ambedkar, kiongozi aliyetetea haki za waliobaguliwa kwa kasta, aliongoza madai ya kuingia hekalu la Kalaram huko Nashik. Na tarehe 12 Novemba 1936 Travancore, dola ya kifalme ya kusini mwa India, ilitangaza mahekalu yake kuwa wazi kwa Wahindu wote. Usiyatumie matukio haya kama ushahidi wa karne ya 11. Sema wazi kwamba umeruka miaka 900.

Kuhusu mafundi, epuka kudai kwamba wote hawakujulikana, maana wachongaji wa enzi ya wafalme wa Hoysala, kusini mwa India, walitia majina yao kwenye kazi zao, na la Mallitamma lasomeka hadi leo kwenye hekalu la Somanathapura.

Chunga pia istilahi. Tabaka hutegemea mali na kasta hutegemea kuzaliwa, kwa hiyo ukiyachanganya hoja yako yote italegea. Vilevile, Dalit, yaani watu waliobaguliwa na kuwekwa chini ya kasta zote, ni jina la zama hizi. Usimpachike mtu wa enzi za Chola.

Dakika tano za mwisho, pitia kila aya ukitafuta jengo, sanamu au andiko lililotajwa kwa jina. Usipoliona, ongeza moja pembeni kwa mwandiko unaosomeka.