Filamu ya mbio za magari huanzia gereji: mwongozo kwa wapiga video wa Nakuru na Kisumu

Msimu wa kwanza wa Drive to Survive, mfululizo wa filamu za hali halisi kuhusu mbio za Formula 1, ulipowekwa Netflix tarehe 8 Machi 2019, timu mbili zilizokuwa zikigombea ubingwa wa Formula 1, Mercedes na Ferrari, hazikuwemo. Zilikataa kurekodiwa. Watengenezaji wakabaki na timu nyingine, nyingi zikiwa za katikati na za mkiani, na hapo ndipo watu ambao hawakuwa wamewahi kutazama mbio hata moja walipoanza kumfuatilia Guenther Steiner, bosi wa timu ya Haas wakati huo, akihangaika baada ya magari yake yote mawili kuacha mbio za Australia 2018 kwa sababu ya magurudumu ambayo hayakukazwa sawasawa.

Nchini Marekani, wastani wa watazamaji wa Formula 1 kwenye runinga ya ESPN ulipanda kutoka takriban 554,000 kwa kila mbio mwaka 2018 hadi milioni 1.21 mwaka 2022. Miami iliingia kwenye kalenda 2022, Las Vegas 2023. Filamu haikufanya kazi hiyo peke yake, kwa sababu vita vya madereva Hamilton na Verstappen vya kugombea ubingwa mwaka 2021 vilivuta watu wengi pia. Lakini filamu ndiyo iliyomfanya mtu atake kujua ni nani anashika nafasi ya kumi.

Sisi hapa Kenya tuna Safari Rally, iliyoanza 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Wiki hiyo moja Naivasha hujaa. Raundi za ubingwa wa kitaifa na mashindano ya autokrosi (mbio fupi za kuzunguka njia ya vumbi), ambako madereva wetu hujifunzia kazi, hukimbiwa mbele ya watu wachache, na dereva hubaki akitafuta mfadhili kwa barua ambazo hazijibiwi. Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu watatu wenye kamera moja, simu mbili na rekoda ya sauti, wanaotaka kutengeneza mfululizo wa vipindi vya dakika 12 kuhusu timu moja ya hapa.

Chagua mtu, gari baadaye

Usianze na dereva anayeshinda kila raundi, maana hana la kupoteza ambalo mtazamaji ataliona. Tafuta timu ambayo kuvunjika kwa kitu kimoja kunaweza kuimalizia msimu: Subaru ya zamani, makanika wawili, mwelekezi (anayeketi pembeni ya dereva akimsomea njia) mwenye kazi nyingine Jumatatu hadi Ijumaa. Kabla ya kuwasha kamera, nenda gerejini mara tatu bila kamera. Mara ya kwanza watakuonyesha gari. Mara ya tatu watakuonyesha deni.

Maswali mazuri hujibiwa kwa kitu kinachoonekana. Ukimuuliza makanika, "Unajisikiaje kabla ya mbio?" utapata jibu la runinga. Muulize hivi, mkondo ukiwa ni kipande cha njia ambacho magari hupimwa muda: "Fundi, hii shokamzoba ikivunjika kesho kwenye mkondo wa pili, kuna nyingine?" Atageuka kuangalia rafu. Rekodi huko kugeuka, na hiyo rafu.

Kipindi kizima kinaweza kusimama juu ya kifaa kimoja kama hicho. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliamka siku ya mwisho ya Safari akiongoza, shokamzoba ya nyuma ikaharibika, akatoka, na Sébastien Ogier akashinda. Mtazamaji aliyeonyeshwa shokamzoba hiyo mapema, mkononi mwa fundi, ataelewa maumivu hayo bila msimulizi kufafanua.

Ruhusa, mapema

Raundi za kitaifa ziko chini ya shirikisho la mbio za magari nchini, KMSF. Omba kitambulisho cha wanahabari kwa waandalizi wa raundi wiki tatu kabla. Ukifika asubuhi ya mashindano na kamera shingoni utapelekwa waliko mashabiki. Filamu ya kuonyeshwa umma inahitaji kibali cha KFCB, bodi ya kuainisha filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani. Droni ni habari ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kama eneo ni hifadhi, kwa mfano Soysambu, mwenye hifadhi naye lazima akubali. Ushauri wetu: msimu wa kwanza acha droni. Kilima kilicho juu ya kona kitakupa picha inayokaribia hiyo bila karatasi.

Picha za Safari yenyewe, kwa kuwa ni raundi ya dunia, zina wenyewe. Usichukue video za WRC (ubingwa wa dunia wa rali) kwenye YouTube kujazia mapengo yako. Kituo chako kinaweza kufungwa. Muziki vivyo hivyo: tafuta kijana anayepiga gitaa au nyatiti akutungie dakika nne, mlipe, andikianeni.

Kila anayezungumza mbele ya kamera atie sahihi karatasi ya ruhusa kwa Kiswahili, nusu ukurasa tu. Kwa mtoto, mzazi atie sahihi.

Kamera: hesabu chache ambazo haziwezi kurukwa

Umeme wetu ni wa hezi 50. Simu nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, na ndiyo maana video za gerejini usiku zina mistari myeusi inayopanda na kushuka juu ya boneti. Weka fremu 25, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, mistari itaondoka chini ya taa nyingi. Taa za LED za bei ya chini wakati mwingine huendelea kupepesa hata hapo; zizime, uwashe taa yako ya betri.

Mchana, shata 1/50 inaleta shida ya pili: mwanga unazidi. Kwenye jua kali, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100 na tundu la lenzi la f/5.6, unahitaji kichujio cha giza cha ND16. Bila kichujio, watu hupandisha shata hadi 1/1000, na gari linalokimbia linaonekana kama limeegeshwa huku mawe yamesimama hewani. Kwa gari linalopita, 1/100 inatosha: magurudumu yanazunguka, vumbi linatiririka.

Nafasi ya kuhifadhi: kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Kamera tatu za namna hiyo, saa tatu kila moja, ni GB 405 kwa wikendi. Kwa hiyo nunua diski mbili za TB 1, nakili kila usiku kwenye zote mbili, na zilale nyumba tofauti. Usifute kadi mpaka umefungua faili tatu kutoka kila diski na kuziona zikicheza.

Vumbi la ukanda wa Elementaita ni laini kama unga na lina chembe za volkano. Usibadilishe lenzi mkondoni. Usipanguse kioo kwa fulana, utakichora. Puliza kwanza kwa mpira wa kupulizia, kisha brashi, kitambaa mwisho. Kabla ya kufungua mlango wa betri, piga brashi pembeni pake. Ukirekodi upande wa Kisumu adui ni unyevu: kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi itashika ukungu ndani ya lenzi, basi iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto. Na mvua ikinyesha juu ya udongo mweusi wa Kano, egesha kwenye lami utembee. Gari lenu likikwama mkondoni mtasimamisha mashindano ya watu.

Sauti ndiyo nusu ya filamu, labda zaidi

Mtazamaji wa simu atavumilia picha yenye vumbi, lakini akikosa kusikia neno anahama. Rekodi kwa kilohezi 48, biti 24, vilele vya maneno vikae kati ya desibeli −12 na −6. Kipaza sauti kidogo cha kifuani kishikiliwe kwa plasta chini ya kola, waya ukiwa na kitanzi kimoja ili mvuto usifike kwenye kipaza. Nje, kifunike kwa manyoya. Sponji pekee haizuii upepo wa bondeni.

Injini ya mbio inapopita mita kumi kutoka kwako itapasua rekodi iliyowekwa kwa ajili ya mazungumzo. Tumia rekodi ya pili, desibeli 20 chini ya ile ya kwanza. Rekoda nyingi ndogo zinaweza kufanya hivyo zenyewe; tafuta kwenye menyu.

Kitu cha thamani kuliko vyote ni sauti ya mwelekezi akisoma noti za njia. Mashine nyingi za intakomu za rali (za dereva na mwelekezi kuzungumza ndani ya kofia) zina tundu la kutolea sauti kwa kamera. Nunua waya unaolingana na tundu hilo na wenye kipunguza sauti, kisha ujaribu gerejini injini ikiunguruma. Kosa la kawaida ni kuchomeka waya wa kawaida na kupata mkwaruzo mtupu siku nzima. Hakuna nafasi ya kurudia.

Kamera ya ndani ifungwe kwa kibano cha chuma kwenye fremu ya usalama ya gari, mbali na vichwa, na iwe na kamba ya pili. Kikombe cha kunyonya kioo kitabanduka kwa vumbi na mtikisiko. Ifunge kabla ya ukaguzi wa magari, maana mkaguzi akiikuta baadaye anaweza kuamuru itolewe. Betri yake haimalizi mzunguko wa asubuhi. Ipe volti 5 kutoka kwa umeme wa gari, waya ukazwe kwa vifungo vya plastiki (zip tie) kila sentimita 15. Usimwachie mwelekezi kazi ya kubonyeza. Ana saa, kadi na noti za kuangalia.

Siku ya mashindano

Timu yenu isiwagharimu muda. Gari likichelewa kwenye kituo cha saa, pale muda wa kufika unapokaguliwa, hupigwa adhabu ya sekunde 10 kwa kila dakika. Likiwahi, dakika nzima kwa kila dakika. Kwa hiyo wakati wa sevisi mtu mmoja tu wa kamera aingie, akae upande ambao hakuna jeki, asiulize chochote. Maswali ni baada ya gari kuondoka, makanika wakiwa wameketi juu ya matairi. Hapo watazungumza.

Mkondoni, nendeni wawili wawili: mmoja na kamera, mwingine macho barabarani na masikio kwa injini. Kupitia kioo cha kamera gari linaweza kuonekana mbali kuliko lilivyo. Simameni kando, mahali palipoinuka kuliko barabara, kamwe chini yake. Kamwe nje ya kona, wala mahali ambapo gari lililokosa breki litanyooka. Nyuma yenu pawe wazi, pasiwe na ua wa senyenge. Msimamizi akisema ondokeni, ondokeni, hata kama mwanga ndio umekuwa mzuri. Gari la sifuri, linalotangulia washindani, likishapita, hakuna kuvuka.

Msirekodi magari yote. Rekodi gari lenu, linalolitangulia na linalolifuata, kisha geuza kamera kwa mashabiki: mzee aliyekuja na redio, mama anayeuza mahindi ya kuchoma na anayelitambua gari kwa mlio kabla halijatokea kilimani. Raundi ijayo watu watataka kwenda kwa sababu yao.

Kuhariri

Tarajia kutupa sehemu kubwa. Saa sita za video kuzaa dakika 12 ni kawaida. Weka swali la kipindi ndani ya sekunde 40 za mwanzo: je, giaboksi hii ya kuazima itafika Jumapili? Halafu eleza sheria moja tu ya mchezo kwa kila kipindi, ile inayohitajika kuelewa hatari. Sheria ya sekunde 10 inatosha kipindi kimoja. Ukieleza madaraja, noti na matairi kwa pamoja unampoteza mgeni uliyemtaka.

Hapa kuna kishawishi kikubwa. Verstappen alikataa kwa muda kuhojiwa na Drive to Survive kwa sababu aliona inabuni uhasama usiokuwepo. Kwa jamii ndogo kama yetu gharama ni kubwa zaidi: madereva wawili mliowagombanisha kwa mkasi wanakutana Jumanne dukani wakinunua vipuri. Sauti ya mkondo mmoja isiwekwe chini ya picha za mkondo mwingine. Jibu lisihamishiwe swali jingine. Kila tukio liandikwe siku na mkondo wake kwenye skrini.

Sawazisha sauti ifike LUFS −14 (kipimo cha ukubwa wa sauti ya kipindi kizima), kisha tazama kipindi kizima kwa simu ya kawaida, ubora wa 360p, ndani ya matatu iliyo njiani. Neno usilolisikia, liandikie manukuu. Maandishi usiyoyasoma, yakuze.

Kupakia

Video ya 1080p ya fremu 25 kwa megabiti 8 kwa sekunde, dakika 12, ina takriban MB 720. Pakia usiku, ukiwa na bando la kutosha mara mbili, kwa sababu upakiaji ukikatika unaweza kulazimika kuanza upya. Weka kipindi hadharani siku kumi kabla ya raundi inayofuata, na maelezo yake yataje mahali, tarehe, barabara ya kufikia na sehemu salama za kusimama. Mtu aliyeguswa Alhamisi usiku anahitaji kujua Jumamosi ijayo apande gari gani kutoka stendi ya Nakuru na ashukie wapi.

Siku mbili kabla ya kukiweka hadharani, peleka kipindi gerejini kwa flashi. Wakae wote watazame. Kosa la jina, la namba ya gari au la kifaa wataliona wao kwanza, na bado utakuwa na usiku mmoja wa kulirekebisha.